Nyekundu, Zambarau, Nyekundu

Ipyana kaileta kwa bodaboda toka Tukuyu,
imefungwa kwa mpira, imevishwa gunia la viazi,
amplifaya ya taa,
nzito kama mgonjwa asiyetaka kushuka.
"Dada Subilaga, inaimba kistaarabu mno.
Mimi nataka ikwaruze."

Mwezi wa saba, Mwanjelwa.
Baridi inateremka toka Loleza,
inaingia kibandani bila hodi.
Nafungua skrubu nane. Ya tisa haipo,
tundu lake limezibwa kwa kijiti cha kiberiti.
Harufu inayotoka naijua: vumbi lililoungua, nta, vanishi ya transfoma,
na kitu kama koti la marehemu likianikwa.

Sigusi kwanza.
Umeme wa humu haufi kwa kuchomoa waya ukutani.
Hujibanza ndani ya kapasita, volti mia tatu,
ukingoja kiganja cha asiyejua.
Nauteremsha polepole kwa rezista iliyobanwa na koleo,
mkono wa kushoto mfukoni, ndivyo nilivyofunzwa,
mita ikihesabu kinyumenyume:
mia mbili, sabini, tisa,
sifuri na ushei.
Ndipo navuta kigoda.

Kazi yenyewe haina miujiza.
Kapasita mbili zimevimba matumbo, zinalia chumvi;
nazing'oa, naweka mpya.
Waya za athi zilizotanga huku na huku
nazikusanya kwenye bolti moja,
na ule mvumo uliokuwa ukinung'unika chini ya kila noti
unakosa pa kusimama.
Nakata njia inayoirudisha sauti nyuma ili ipoe.
Solda inayeyuka. Napuliza moshi.

Kisha naifikia taa ya kwanza,
na mguuni pake, rezista isiyopaswa kuwa pale.
Mchoro unasema kahawia, kijani, nyekundu:
ohmu elfu moja na mia tano.
Hii ni nyekundu, zambarau, nyekundu.
Elfu mbili na mia saba.
Miguu yake imepindwa kushoto,
na kwenye bati, kwa penseli:
A.M., Katumba, '82.

Andongwisye. Baba.
Mchana mashine za chai, usiku vyombo vya bendi ya kiwanda.
Hakuwahi kunitajia hii.

"Kosa," nikasema, kwa sauti ya fundi.
Nikalitoa. Nikaweka iliyo sahihi.
Tukawasha. Taa zikaiva taratibu mpaka rangi ya kaa,
Ipyana akazisogezea viganja kama jikoni,
akapiga.
Sauti ikatoka safi, imechana nywele, imefunga tai,
sauti ya mgeni rasmi.
Akanitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto
asiye wake.

Nikazima. Nikangoja. Nikateremsha volti upya.
Nikapiga magoti, nikaitafuta ya baba
kati ya maganda ya waya na majivu ya mkaa,
nikaipangusa kwenye kanga,
nikaikalisha palepale,
na mkunjo wake wa kushoto.

Gita likakwaruza.
Lori likipanda Mlima Nyoka kwa gia namba moja,
limejaa mbao,
na dereva hana haraka.
Muuza mitumba wa jirani akainua kichwa,
akasahau bei aliyokuwa akiitaja.

Basi alikwishaifanya kazi hii
kabla huyu aliyeiomba hajazaliwa.
Au siku ile hapakuwa na rezista nyingine,
miaka ile hata wembe ulikuwa na foleni yake,
akaweka iliyopatikana, akaenda kulala.
Sikio, au uhaba?
Nimeigusisha mita huku na huku.
Hilo haipimi.

Ipyana kalipa nusu. Nusu iliyobaki inasubiri ndizi ziuzwe.
Kabla ya kufunga niliwaza kuandika herufi zangu
chini ya zake.
Penseli haikuonekana.
Nikarudisha skrubu nane
na kijiti cha kiberiti.