Kitufe cha Kushoto

Anyitike, gemu lako limefika Mwanjelwa,
kwenye simu ya mpwa wangu, kioo kina ufa.
Nikavaa miwani, nikasogea karibu na jiko la mkaa,
maana Juni hii Loleza hauvui blanketi.

Nilikutambua. Na kabla yako niliwatambua wengine.
Kuruka kule kumetoka kwenye kaseti ya manjano.
Mioyo mitatu pembeni ni ya kaseti nyeusi,
ile ya joka, iliyotaka kupulizwa ndipo iwake.
Na tofali zinazoshuka zikipangana
nilizijua hata kabla ya kaseti:
baba alichoma tofali Uyole,
ukikosea safu moja tanuru zima linakucheka.

Mpwa akasema, huyu ameiba kila kitu.
Nikamwambia nyamaza, hata wewe pua si yako.

Lakini shujaa wako akienda kushoto anachechemea.
Anakanyaga mara mbili ndipo atoke.
Watu wamesifu, nasikia,
ati kuchechemea kule ndiko roho ya mchezo.
Na mbingu yako, kona ya juu kulia,
ina doa la zambarau asubuhi, mchana, usiku,
hata mvua inyeshe haling'oki.

Doa lile ni la kwangu.
Ni spika ya Mwalyego niliyoiegemeza
kwenye televisheni siku ya Pasaka,
sumaku ikala rangi.
Na kitufe cha kushoto kililika
mwaka ule wa mahindi haba.
Kila siku nilisema kesho nanunua pedi nyingine.

Mkabonyeza mara mbili. Shilingi mia, maisha matatu.
Wewe na sweta la shule lililofumuka kiwiko,
pua inachuruzika, huifuti,
ukidhani ndivyo dunia ile ilivyoumbwa:
mbingu hupata jeraha upande mmoja,
na kushoto hakuendeki bila kujikwaa.

Kesho yangu haikufika. Umeme ulipanda,
televisheni nikaiuza kwa fundi wa Mbalizi,
nikaanza kukaanga chipsi.
Sikujua kuna mtu alitoka pale kibandani
ameubeba ubovu wangu mzima mzima
kama yai.

Nimefia kwenye shimo la pili. Mpwa anadai simu yake.
Subiri, namwambia, nimebakiza moyo mmoja,
na huku kushoto
nakujua mimi.