Ukoko

Kosa langu lilianzia siku ya Jumanne.
Daktari Farquharson aliuliza, leo siku gani,
mama akajibu kwa sauti yake ya karani wa posta, "Ijumaa,"
nami, mkalimani wa bure, mwana wa tumbo lake,
nikasema: "Amesema Jumanne."

Ilikuwa Jumanne.
Nje, Aberdeen ilijifunika ukungu wa baharini,
mawe ya kijivu, anga la kijivu,
basi likipita na taa zake mchana.

Baada ya hapo ikawa rahisi.
Alipochora saa yenye mishale mitatu, yote ikielekea tano,
nilisema, daktari, kwetu saa huhesabiwa kuanzia alfajiri.
(Na hilo, angalau, ni kweli.)
Alipopewa maneno matano, akarudisha mawili,
nikamkopesha matatu yaliyobaki.
Alama zikapanda. Daktari akakunja uso,
maana mezani kwake palikuwa na barua ya dada yangu Mwanakombo
yenye hesabu ya sufuria zilizoungua.

"Tupige picha," akasema.
"Picha haihitaji mkalimani."
Sijui kama alinijua.

Dawa ililetwa asubuhi ndani ya kasha la risasi,
kichupa chembamba kuliko kidole cha mtoto.
Ailsa, fundi wa mashine, akanieleza:
kila dakika mia na kumi nusu ya mwanga wake hufa,
kisha nusu ya nusu,
kisha nusu ya hiyo iliyobaki,
ndiyo maana hapa hatumngoji mchelewaji.
Nikamtazama mama akivua bangili,
akizihesabu: moja, mbili, nne.

Akadungwa. Akafungiwa chumbani peke yake
dakika hamsini, dawa ipande kichwani,
mimi nje ya mlango mzito.
Sauti yake ikatoka kwenye kipaza kidogo ukutani:
"Sanduku mia mbili kumi na nne, Kijangwa, hajalipia.
Mia mbili kumi na tano, Misheni.
Mia mbili kumi na sita, yule Mgoa wa dukani, ana kifurushi,
aje na kitambulisho."
Ailsa akaniuliza, anasali?
"Hapana," nikasema. "Anagawa barua. Tanga."
Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza safi mwaka ule.

Wiki mbili baadaye tukakaa mbele ya kioo.
Katika ubongo mzima, daktari alisema,
kijivu na cheupe vina mpaka, kama pindo la nguo.
Akapitisha kalamu. Hapa pindo limefutika.
Nilitazama dirishani, bahari na anga,
nikaelewa kabla hajamaliza.
Picha peke yake si ugonjwa, aliongeza,
wapo wazee wenye picha kama hii na akili zao timamu;
lakini ukiiweka kando ya zile sufuria...
Hakumalizia.

Akaniomba nimweleze mama.
Protini, nikaanza. Imeganda. Imejikusanya
katikati ya, ya chembe za, mama,
ni kama... ni kama ukoko.

"Ukoko?" Akacheka, meno yote nje.
"Tulikuwa tukiugombania na Zaina, Mungu amrehemu.
Mwambie ukoko ndio mtamu."
Nikamwambia. Daktari hakujua aandike nini.

Kisha mama akanishika mkono, kwa nguvu,
kama anayegonga muhuri.
"Endelea. Yote aliyoyasema.
Leo usinipikie."

Nikasema yote. Jina la ugonjwa
nililitamka kama lilivyo, sikuwa na la kwetu la kumpa.
Lilikaa mezani kama kifurushi kisicho na namba.
Akakitazama.

"Leo siku gani?" akaniuliza.
Nilinyamaza, makusudi, kwa mara ya kwanza.
Akatafuta muda mrefu, midomo ikitembea
kana kwamba anapita safu ya visanduku vyenye kutu,
anajaribu ufunguo mmoja, anajaribu mwingine.
"Ijumaa."

Nikamgeukia daktari.
"Mama anasema," nikasema, "leo ni Ijumaa."