Kitenzi Kilichonishinda

Miaka ishirini na sita nilisimama
kati ya kizimba na meza ya jaji, mahakamani Moshi,
nikibeba maneno ya watu kama mtungi wa jirani:
nisimwage, nisionje.
Nimebeba wizi wa ng'ombe, talaka, hundi hewa,
hata tusi la bwana mmoja wa Himo
ambalo jaji alitaka nilirudie, polepole, aandike.

Moja tu liliniponyoka.

Ilikuwa kesi ya kihamba, Kibosho,
Filotea na kaka yake Desderi,
migomba arobaini, mistari minne ya kahawa,
na mfereji uliokauka baba yao angali hai.
Wakili wa Filotea, kijana,
shati lake bado lina mikunjo ya dukani,
aliinuka akalitamka: *argue*.
Kesho, kwa idhini ya mahakama, atafanya hilo.
Nami, saa saba imepita, tumbo linanguruma,
nikasema: "Wakili anasema kesho atabishana."

Desderi akavua koti.
"Na nani? Na kwa nini tungoje kesho?"

Askari alimketisha. Jaji alinitazama juu ya miwani,
asinene kitu.
Afadhali angenifokea.

Usiku ule, Majengo, umeme umekatika,
niliweka mshumaa kwenye kisosi, nikafungua kamusi nene
niliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao.
Kumbe neno lenyewe ni mgeni hata kwa Waingereza:
lilitoka Kilatini, likalala kwa Wafaransa,
na huko lilikozaliwa halikuwa na ngumi.
Lilikuwa kuweka wazi. Kubainisha.
Kumtuhumu mtu pia, maana ukimulika, unaumbua.
Wajuao nasaba za maneno husema
mzizi wake na mzizi wa fedha ni mmoja:
weupe, mng'ao,
ile fedha ya bangili, unayoisugua kwa jivu
mpaka uuone uso wako.

Nikacheka peke yangu.
Kwetu fedha imebaki pesa,
na Filotea alikwisha uza mtamba
ili kijana yule asimame aseme.

Tena nikaona nilipojikwaa.
Kitenzi chao humtosha mtu mmoja:
aweza kusimama mbele ya ukuta, akapanga sababu zake
moja juu ya moja kama matofali, akaketi.
Chetu nilikipa *-ana*,
na *-ana* haiji peke yake, inataka wa pili,
inamwita, inamvua koti.
Ningekatia kwenye *bisha*, je?
Hapo kuna ubishi, lakini kuna na hodi:
kugonga, kungoja uwanjani,
kutojua kama utaambiwa karibu.

Mshumaa ukaisha nami sijapata.

Asubuhi nikaomba ruhusa ya kujisahihisha.
"Wakili," nikasema, "hatabishana. Ataweka wazi."
Desderi akanyoosha kidole:
"Jana kubishana, leo kuweka wazi.
Mzee, usiku nani alikutembelea?"
Filotea akaziba mdomo kwa kanga,
mabega yakamcheza, akashindwa,
kicheko kikamtoka chenye mkoromo,
na kaka yake, aliyekijua kicheko kile tangu utotoni,
akageuka kumtazama.
Kwa muda wa kumeza mate
hakukuwa na mdai wala mdaiwa.

Kisha wakili akakohoa, akaanza.

Kesi ilikatwa, rufaa, ikarudi, nikastaafu.
Nasikia isale limeng'olewa mpakani, likapandwa tena
hatua mbili upande wa juu,
na kila mmoja anasema ni mkono wa mwenzake.

Kamusi ninayo bado. Tone la nta
limeganda juu ya ukurasa ule,
jeupe, limeficha nusu ya maana.
Mke wangu anasema nilikwangue kwa kisu.
Mimi nasema ukurasa utachanika.
Tuko hapo tangu Kwaresima.