Hakuna Aliyekiri

Klachi ilikata roho kilomita tatu nje ya mji,
mvua ikija kwa ubavu, haijui kushuka wima:
huku kusini mwa Chile mwenye nyumba ni upepo,
sisi sote wapangaji.

Lori la kondoo likasimama.
Dereva hakuuliza, hakujitaja.
Alifunga mnyororo, akatukokota na kinyumba chetu cha magurudumu
hadi uwanja wa shule iliyofungwa,
akafungua, akapiga honi mara moja.
Alitenda, akaenda zake,
nami nikabaki na noti mkononi, zimelowa.

Gari hilo ndilo kiinua mgongo changu:
miaka thelathini na mmoja ya kugonga mihuri, posta ya Temuco,
ikageuka jiko la gesi, sinki la kuoshea vikombe viwili,
na vitanda vyembamba kama msamaha wa kulazimishwa.
Kimoja changu. Kimoja cha kaka yangu Fermín,
ambaye tangu Januari ananiita Mama.

Fundi Eliecer alilala chini ya gari, akatoka na tope masharubuni.
Spea itatoka Coyhaique. Siku tano. Pengine nane.
Alisema "pengine" akitazama mawingu,
kana kwamba spea hudondoka huko.

Usiku ule nikasikia hatua.
Mimi mtu wa mjini: hatua za usiku
asubuhi yake huhesabiwa kwa kilichopotea.
Nilitia komeo, nikalala na kikaango kifuani.
Kulipokucha, mlangoni: kuni,
zimepasuliwa, zimepangwa, zimefunikwa nailoni.

Usiku wa pili, jemu ya kalafate
kwenye chupa ya kahawa, bado ina joto.
Wa tatu, soksi za sufu, jozi mbili, kubwa na ndogo.
Kuna aliyeipima miguu yetu kwa macho.
Hakuna karatasi. Hakuna jina.
Mimi, niliyezeeka nikisoma bahasha za watu,
napokea kifurushi kisicho na mtumaji.

Nikaenda kuuliza.
Dukani Nolfa akasema, labda yule mjane, Uberlinda.
Uberlinda akasema, mimi? Na mgongo huu? Kamuulize Nolfa.
Eliecer akasema, mbwa, labda.
Mji mzima ulinidanganya bila kupepesa jicho.

Siku ya sita niliamka, kitanda cha Fermín kiko wazi.
Mlango wazi. Viatu vyake vipo.
Nilikimbia na gauni la kulalia, naita,
tope hadi magotini, upepo ukilirarua jina
kabla halijanitoka vizuri mdomoni.

Nyumba ya nne ilikuwa na taa.
Yuko jikoni, soksi zake mpya zinafuka mvuke kando ya jiko,
anamenya maharagwe, kikombe cha mate mkononi.
"Mama," akamwambia Uberlinda, "haya yametosha?"
"Bado kidogo, mwanangu," akajibu yule mjane,
kama mtu aliyezaliwa na jina hilo.
Kisha Fermín akageuka, akaniona mlangoni.
"Rosenda," akasema, "funga mlango. Mama anahisi baridi."

Rosenda.
Tangu Januari sikuwa nimelisikia.
Nilifunga mlango. Nilikaa. Nilimenya maharagwe
mpaka macho yakakauka.

Dirishani palikuwa na chupa za kahawa, tupu, tano.
Kwenye kiti, soksi ya kijivu, nusu, bado ina sindano.
Nikauliza tu, "Mgongo unaendeleaje?"
"Mbaya," akasema. "Mbaya sana."

Spea ilifika siku ya tisa.
Usiku wa kuamkia safari nilifunga pilipili ya moshi, ya kwetu Temuco,
vijiko viwiliviwili ndani ya karatasi,
nimezikunja kibahasha, kama nijuavyo.
Arobaini na moja. Milango yote,
maana sikujua ni mlango upi, na nilijua ni yote.
Sikuandika jina.

Mbwa walinisikia nikipita.
Hawakubweka.
Nao, nadhani, wamefundwa.