Msemaji wa Baada ya Chakula

Kwenye bajeti tuliandika: msemaji, elfu themanini.
Juu yake, kukodi viti. Chini yake, keki.
Mwenyekiti alitaka mtu wa kutuhamasisha,
"aliyeshika kombe kwa mikono, si kulitazama gazetini,"
na mimi, katibu wa chama cha akiba na mikopo,
nikatumwa Ngamiani, barabara ya kumi na tisa,
kumtafuta Bakiri Shemboko,
ambaye Tanga nzima ilimwita Komeo:
likishatiwa, hapiti mtu.

Nilimkuta akipima sembe dukani kwa mkwewe.
Mkono uliovaa kitambaa cha unahodha
sasa una saa iliyogoma saa nane na robo.
"Niseme nini?"
"Uongozi. Ushindi."
Akaufunga mfuko fundo, akaulaza kwenye mizani.
"Themanini ni ya dakika ngapi?"
"Ishirini."
"Nipeni hamsini, na sahani moja ya kwenda nayo nyumbani."
Sijawahi kuona mtu akijishusha bei
na bado nikatoka nahisi nimepunjwa mimi.

Siku ikafika. Ukumbini Raskazone
alikuja na koti la kuazima, mikono imeishia njiani.
Mshereheshaji akamsifu kwa mabao matatu ya fainali,
beki, jamani, beki wa kati!
Hakusahihisha. Alingoja kipaza sauti kimalize kulia,
kama mtu aliyezoea kungoja filimbi.

"Kazi ya nahodha siyo mnayoidhania.
Kwanza, anachagua upande.
Mimi nilichagua jua la machoni kipindi cha kwanza,
tuumie tungali na nguvu."
Makofi. Mwenyekiti akaandika hilo
kwenye karatasi ya kujifutia midomo.
"Pili, kocha akimwacha mtu,
nahodha ndiye anayekwenda kumwambia.
Asubuhi ya mechi unabisha hodi.
Mama mtu anakukaribisha chai,
anadhani umemfuata mwanawe mwende pamoja."
Akanyamaza. Tukadhani anavuta pumzi.
"Nimekunywa chai nyingi sana.
Ahsanteni kwa chakula."
Akakaa.

Dakika nne. Mweka hazina alishatoa simu,
anagawanya hamsini kwa ishirini, anazidisha kwa nne.
Keki ikakatwa mapema kuziba pengo.

Nilipompelekea sahani yake hakuwepo mezani.
Alikuwa uani, kwenye masufuria,
kati ya mlinzi na kina mama waoshao vyombo,
vifuniko vinne kavipanga chini kuwa mabeki,
ndimu ndiyo mpira, mwiko ndiyo yeye,
na watu wamejishika mbavu.
Hapo ndipo nilipomsikia Ngoda Kihiyo, winga wa kushoto,
na mama yake, na chai ya tangawizi, na vitumbua viwili.
"Nikavila vyote viwili," alisema. "Ndipo nikamwambia."
Hakuna aliyecheka hapo.
Mwanamke mmoja, povu hadi viwikoni, akamuuliza,
"Mbona kule ndani hukuyasema haya?"
"Kule," akasema, akiokota ndimu yake, "nilikuwa ugenini."

Alitia saini risiti. Hakuandika jina,
aliandika Nahodha, kwa herufi za kukaza.
Mwenyekiti akauliza kama tunaweza kudai za dakika kumi na sita.
Sikumjibu. Mfukoni mwangu mlikuwa na barua mbili
za makarani tunaowapunguza,
na wote wawili walikuwa meza ya tatu,
wanapigana vikumbo kwa kipande cha keki chenye ua.

Jumatatu barua ya kwanza niliitoa ofisini, kwa haraka,
kama mtu anayelipa nauli.
Ya pili ilinipasa niende nayo Mabawa, kwa miguu;
mwenyewe alikuwa likizo.
Mkewe akafuta kiti kwa upande wa kanga,
akaniuliza sukari kiasi gani.
Nikasema, mama, ngoja kwanza.
Nikasema yote, nimesimama, jua linanipiga machoni.

Kisha, kwa kuwa birika lilikuwa limeshachemka,
na hakuna aliyejua la kulifanyia,
tukanywa.