Masale

Inagonga. Tk, kimya, kisha tk tk,
kama kuku anayedonoa bati.
Bi Aikande ameileta kutoka Uru ndani ya mfuko wa sukari,
kompyuta ya chama cha msingi:
misimu tisa ya kahawa, kilo na robo kilo,
nani kalipwa, nani bado.
"Hii ikifa," anasema, "mimi nahama wilaya."

Nafungua mgongo kwa bisibisi ya nyota.
Vumbi jekundu. Mende mmoja, mkavu, wa zamani.
Diski mpya naichomeka pembeni,
nyepesi kama biskuti, haina cha kugonga.

Kwanza mipaka.
Ya zamani ina vipande vitatu: kijipande cha kuwashia,
kikubwa cha mfumo, na cha mwisho, alichokiita KAHAWA.
Navipima, naandika kiganjani,
na mkono unaikumbuka kazi hii.
Jumamosi tulikuwa kihambani, Kibosho, mimi na kaka zangu,
kamba ya katani, masale yamelowa kwenye ndoo,
Ndelilio akishika mgomba mmoja, akisema ni wake
tangu baba yu hai.
Hatukupanda hata isale moja.
Tulirudi Moshi na kamba yetu.

Hapa naburuta mstari kwa kidole:
kipande kinanenepa, jirani hapungui.

Nabonyeza. Asilimia nne.
Inanakili yote, hata utupu,
hata barua aliyoifuta akidhani imekwenda.
Thelathini na moja, na umeme unapepesa.
Bi Aikande anaing'ang'ania meza.
Betri ya akiba inalia, lakini inashikilia.

Saa tisa na nusu. Sekta arobaini hazisomeki.
Nazirudia taratibu, mara tatu, mara saba,
kama unavyomlisha uji mtoto mwenye homa.
Thelathini na nane zinarudi.
Mbili, hapana.

Inawaka. Haigongi.
Anashuka na majina, kidole kwenye kioo,
anasimama: jina lipo, kilo hazipo.
"Huyu namjua. Nitamuuliza mwenyewe.
Ataongeza kidogo, nami nitapunguza kidogo."

Kisha anaona mwishoni ule mstari mweupe,
giga mia tatu zisizo na mwenyewe.
"Hizi umempa nani?"
"Sijampa mtu."
"Ziache hivyo."

Jioni nafunga duka, nampigia Ndelilio.
Pale penye mgomba, namwambia,
tusipagawe.
Kimya kirefu. Namsikia anapumua.
"Na ndizi zake?" anauliza.