Bendi ya Mgodi Yampokea Mgeni

Tromboni ilikuwa kwa Subilaga,
imening'inia juu ya magunia ya mchele
kama mguu wa ng'ombe buchani.
Asajile aliiweka rehani mwezi wa tano:
madebe mawili ya mahindi, sabuni, dawa ya mtoto.
"Irudi kabla sijafunga duka," Subilaga alisema.
"Na mate yako uyamwage hukohuko."

Meneja alikuwa ametuma karatasi: saa nne kamili, getini,
sare safi, wimbo wa furaha.
Sare!
Koti la Ambindwile lilishageuka kaptula mbili za shule
zenye vifungo vya shaba matakoni.
Yeye akaja na koti la mvua,
besi lake begani kama chatu aliyemeza mbuzi.

Mimi ni mpiga ngoma kubwa.
Ngoma ilikuwa ya baba. Aliniachia hiyo
na kikohozi chake, ambacho bado nakisikia usiku
upande wa pili wa ukuta,
ingawa upande wa pili sasa analala mpangaji.

Miezi kumi na tisa bila mshahara.
Miezi yote hiyo hatukualikwa harusini;
nani anaoa kwa hati ya madai?
Tuliitwa makaburini tu.
Mwashitete wa winchi. Mzee wa chumba cha taa. Baba.
Mpaka vidole vikasahau kila kitu
isipokuwa ule mmoja, wa kushushia jeneza,
polepole, noti kwa noti, kamba mkononi.

Basi tukajipanga getini,
manyunyu ya Kiwira yakitulowesha bila haraka.
Nsajigwa akanyanyua fimbo, akanong'ona:
"Machi ya tatu."
Tukatazamana. Karatasi za machi ya tatu
zilishafungia maandazi.
"Ya pili?"
Kimya. Mtu akakohoa.
Magari matatu yakachomoza kwenye kona ya migomba.
"Basi ileile," akasema, "ila mbio."

Tukaipiga mbio.
Jeneza likashuka kaburini likitimka,
tromboni ya rehani ikateleza ikicheka,
besi likabeua mvuani.
Mgeni akateremka, akatabasamu,
akaanza kugonga mguu, kiatu chake cheusi
kikirusha matope kwenye soksi za meneja.
Akacheza, jamani. Akazungusha na kiuno.
Wajane waliosimama kando ya uzio waliutambua wimbo.
Walifunika midomo kwa vitenge,
na mpaka leo sijui kilichokuwa nyuma ya vitenge
kilikuwa kicheko, au kile kingine.

Kisha akapanda jukwaani, akasema
mgodi unafungwa kwa muda.
Hakusema muda gani.
Akasema bendi ni nzuri, ije mjini Mbeya siku moja.
"Mvumilivu hula mbivu," akamalizia,
na Ambindwile, mwenye migomba kumi na miwili nyuma ya nyumba,
akajibu ndani ya besi: "Sisi tunazila mbichi."

Magari yakaondoka.
Nsajigwa hakunyanyua fimbo; alikuwa ameikalia.
Nilianza mimi. Pigo moja, nikangoja,
kama baba alivyonifundisha: ngoja mpaka mlima ujibu.
Rungwe ukajibu.
Nikapiga la pili. Besi likaingia. Tromboni.
Safari hii kwa mwendo wake.
Tukaushusha mgodi, kamba mkononi,
winchi, mabehewa, taa za vichwani, miezi kumi na tisa,
bila kugonga ukingo.

Saa kumi na moja Asajile akakimbilia dukani.
Subilaga alikuwa mlangoni, kufuli mkononi.
Aliipokea tromboni, akaipangusa mate kwa kitenge chake mwenyewe,
akaitundika juu ya mchele.
"Deni liko palepale," alisema.
Halafu, akiwa ametupa mgongo:
"Ile ya mara ya pili. Ndaga."